Nani Alilijenga Boma? Lugha ya Makumbusho na Malezi ya Wahifadhi Mjini Arusha

Sentensi ambayo karibu kila maelezo juu ya Boma la Arusha huanza nayo ni fupi, imenyooka kisarufi, na ni pungufu kihistoria: boma hili lilijengwa na Wajerumani. Ndivyo visemavyo vitabu vya kuwaongoza watalii, ndivyo visemavyo vipeperushi, na ndivyo wasemavyo vijana wanaowatembeza wageni mjini. Kwa tarehe haina dosari, maana ujenzi ulifanyika kati ya mwaka 1899 na 1900, na aliyeuamrisha, Kapteni Kurt Johannes, anajulikana. Lakini msomaji aliyelelewa katika ushairi, aliyezoea kulipima neno kabla ya kulimeza, atasimama kwenye kitenzi na kuuliza: nani alilijenga?

Kiswahili hakina udhuru hapa. Lugha nyingine zaweza kujificha nyuma ya ufinyu wa vitenzi vyao, lakini yetu imejaaliwa kauli. Kuna kujenga na kujengwa, kujengea na kujengewa, na kuna kujengesha. Anayejenga hushika jiwe. Anayejengesha hushika fimbo, au fedha, au bunduki. Tangu kuuawa kwa wamisionari Ovir na Segebrock huko Meru mwezi wa Oktoba 1896, majeshi ya Johannes yalipanda na kushuka mlimani yakichukua ng'ombe na kukata migomba, na watu walioshindwa ndio waliotolewa kufanya kazi ya shuruti katika boma jipya. Thomas Spear ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake Mountain Farmers cha mwaka 1997. Kwa hiyo Wajerumani walilijengesha boma; Waarusha na Wameru ndio waliolijenga. Tofauti ya kauli mbili hizi ni silabi moja tu, na katika silabi hiyo wamo mamia ya watu wasiotajwa.

Msomaji wa visiwani asijione yuko mbali na silabi hiyo. Chini ya bendera ya Wajerumani waliandamana askari wa Kisudani, na pamoja nao wapagazi, wakalimani na watu wengine wa pwani, na Kiswahili chenyewe kilipanda mlimani kwa njia za misafara na za majeshi kabla ya kupanda kwa njia ya shule. Hata neno boma lina nyuso mbili huko: kwa mtu wa pwani ni ngome au ofisi ya serikali, ilhali kwa mfugaji wa nyanda za Arusha ni uzio wa ng'ombe na kaya nzima iliyomo ndani yake. Kibao kinachotaja boma bila kugusa nyuso hizo mbili kimeacha mlangoni nusu ya utamu na nusu ya uchungu.

Yote haya yangebaki kuwa mzaha wa wapenda lugha lau jengo lenyewe lisingekuwa makumbusho. Tangu mwaka 1987 limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, tawi la Makumbusho ya Taifa la Tanzania, shirika linaloongozwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1980. Jina hilo nalo lastahili kuhakikiwa. Kwa Kiingereza tawi hili huitwa makumbusho ya historia ya asili. Aliyelitafsiri akaiacha historia na kuchukua viumbe. Kama tafsiri ya istilahi, uamuzi huo unatetereka kidogo lakini unaeleweka, maana humo ndani mna habari za wanyama, wadudu, mimea na asili ya binadamu. Kama jina la nyumba, lina kejeli isiyokusudiwa: ngome ya ushindi wa kijeshi imepewa jina linalomtaka mgeni aangalie vipepeo. Mhifadhi hodari anaweza kuigeuza kejeli hiyo kuwa somo. Asiye hodari ataipita tu, na ndipo suala la lugha linapokuwa suala la malezi ya kazi.

Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zilipitishwa Buenos Aires mwaka 1986 na kurekebishwa Seoul mwaka 2004. Zinadai, pamoja na mengine, kwamba habari zinazotolewa katika maonesho ziwe na msingi, ziwe sahihi, na ziwaangalie ipasavyo watu na imani zinazooneshwa. Ukiisoma kanuni hiyo kwa jicho la mshairi utaona kwamba kitenzi ni sehemu ya usahihi. Kibao kisemacho lilijengwa na Wajerumani hakijawaangalia ipasavyo Waarusha na Wameru; mtumishi aliyekiandika hajavunja sheria yoyote ya nchi, lakini kazi yake bado haijakamilika.

Je, mtumishi huyo angeyajifunza wapi mambo haya? Jirani na Arusha, huko Moshi, kiko Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963. Mhifadhi wa wanyama ana chuo chake, ana sare yake, na makao makuu ya Hifadhi za Taifa yako papo hapo Arusha. Ukitamka neno hifadhi mjini humo, msikilizaji atawaza nyati wa Momella na twiga wa Ngurdoto kabla ya kuwaza kabati la kioo. Mhifadhi wa makumbusho amerithi jina hilohilo bila kurithi chuo. Vyuo vikuu hufundisha akiolojia, historia, biolojia, na siku hizi usimamizi wa urithi, lakini ufundi wenyewe wa nyumba ya makumbusho, yaani kusajili kitu, kukishika, kukilaza, kukiandikia na kukisemea, mara nyingi hujifunzwa kazini, kutoka kwa mkubwa aliyejifunza naye kazini.

Pwani yetu iliwahi kuwa na jibu. Mpango wa PREMA wa kituo cha Roma cha ICCROM, ulioanza katika miaka ya 1980 na kufungwa mwaka 2000, uliwafunza Waafrika kwa Waafrika kazi ya kuzuia vitu visiharibike. Kutoka humo zikazaliwa taasisi mbili: moja Porto Novo, Benin, kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa, na nyingine Mombasa mwaka 2000, ambayo mwaka 2004 ilichukua jina la Kituo cha Maendeleo ya Urithi wa Afrika. Kwamba jengo lililochaguliwa lilikuwa Mahakama ya Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, ni jambo la kupendeza. Walimu wa mkondo huo walikuwa na hekima ya nyumbani: walifundisha kwamba adui wa kitu cha kale ni mwanga, vumbi, unyevu, mdudu, na mkono wa mtu, kwamba ghala lililopangwa vizuri huokoa vitu vingi kuliko dawa ya gharama, na kwamba kitu kisicho na nambari katika rejista hakina ushahidi siku kikipotea. Walifundisha pia kwamba glovu si adabu kwa kitu peke yake. Ngozi na ndege waliokaushwa zamani mara nyingi walitiwa aseniki au DDT, na anayewashika kwa mkono mtupu anajidhuru.

Mafunzo hayo hayana kasoro kwa yale yaliyoyafundisha. Vitu vya Arusha, kwenye baridi ya mwezi wa Juni chini ya Meru, vina maradhi yake, kama vile vitu vya Unguja vilivyo na maradhi ya hewa ya chumvi. Na nani visiwani asiyejua, baada ya Beit al-Ajaib kuporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kwamba jengo nalo ni kitu cha kuhifadhiwa? Upungufu uko upande wa maneno. Mtumishi hufundishwa kukilinda kibuyu dhidi ya nondo na mende, lakini ni nadra kufundishwa kukilinda dhidi ya sentensi mbaya. Na sentensi mbaya huharibu kwa utulivu zaidi, kwa kuwa haiachi tundu.

Utaratibu wa kuandika vibao katika nchi zetu unajulikana. Fedha za onesho hutoka kwa mfadhili. Mfadhili husoma Kiingereza. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza, hupitishwa kwa Kiingereza, na siku tatu kabla ya ufunguzi hupewa mtu ayatie Kiswahili. Matokeo yake ni Kiswahili kinachofuata nyayo bila kujua safari inakwenda wapi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kibao chasema: Sehemu hii inaonesha vifaa mbalimbali vilivyotumiwa na jamii za asili katika shughuli zao za kila siku. Hakuna kosa la sarufi humo, na hakuna habari pia. Vifaa gani? Jamii ipi? Neno mbalimbali limekaa pale kama kiti kitupu alichowekewa mgeni asiyefika. Wakati uliopita wa vilivyotumiwa unawaua wenyewe, ambao pengine wamesimama mbele ya kabati wakiwa na watoto wao.

Sasa kibao hicho na kipewe kitu kimoja: Kibuyu cha maziwa. Kabla ya kutiwa maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Moshi huo ndio unaoyapa ladha na kuyaweka. Hayo ni maneno yasiyofika 25, na mtoto wa darasa la tano atayaelewa. Lakini asiyewauliza akina mama wa Kiarusha au wa Kimaasai hawezi kuyaandika. Ufupi wa kibao hulipwa kwa urefu wa utafiti. Ndivyo ulivyo pia ufupi wa shairi. Beverly Serrell wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya uandishi wa vibao husomwa na wahifadhi wa nchi nyingi, hushauri kibao kiwe na maneno machache sana, kwa sababu mgeni husoma akiwa amesimama, miguu ikimuuma. Jambo hili halihitaji kuagizwa kutoka nje. Ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani kumi na sita, jumla mizani 64, na ndani ya kipimo hicho washairi wa pwani wameweza kuozesha, kutukana, kuomboleza na kushtaki. Hapana haja ya vibao kuwa na vina, Mungu apishe mbali. Haja ni vipitie mtihani ule ambao shairi hupitia: visomwe kwa sauti mbele ya watu, na panapokwama ulimi pafutwe.

Kuna mahali ambapo kukwama kwa ulimi si jambo la mzaha. Mwezi wa Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi ya Kale pamoja na viongozi wenzake wa Wachagga, wa Meru na wa Arusha. Kizazi baada ya kizazi, jamaa za Mangi Meli wamelitafuta fuvu lake bila kulipata. Mwezi wa Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha baadhi ya mafuvu iliyonayo na jamaa walio hai Tanzania, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa huko. Habari hizo ziliandikwa sana, na katika kuandikwa kwake neno moja lilipita bila kuzuiwa: mabaki ya binadamu.

Mabaki ni ya chakula. Mabaki ni ya nguo kwa fundi cherehani. Aliyelichukua neno la Kiingereza na kulipachika hapo hakukusudia kutukana, lakini mzee wa Meru anayeambiwa kwamba mabaki ya babu yake yamepatikana kabatini anasikia kile ambacho Kiswahili kinasema, si kile ambacho mtafsiri alikusudia. Maneno yapo: mifupa, fuvu, mwili, marehemu, na zaidi ya yote, jina la mtu pale linapojulikana. Kanuni za ICOM zinataka viungo vya wafu vishughulikiwe kwa heshima na kwa kuzingatia imani za watu walikotoka. Heshima hiyo haiwezi kuanza kwenye sanduku la kusafirishia. Inaanza kwenye barua ya kwanza anayoandikiwa mwenye msiba. Mafunzo ya watumishi watakaozipokea familia hizo yangepaswa kuwa na siku nzima ya kufundishwa namna ya kutoa taazia kwa Kiswahili, na zaidi ya hapo mkalimani wa Kimeru, wa Kichagga na wa Kimaa, kwani Kiswahili si lugha ya kwanza ya misiba ya mlimani.

Kitenzi kingine cha mlimani ni kuhamishwa. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe Wazungu wafugaji. Nyumba zilichomwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa jijini New York kudai haki. Kisa hicho alikiandika yeye pamoja na wakili Earle Seaton katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Waliochomewa nyumba hawakuhamishwa. Kuhamishwa hupata mtumishi wa serikali, na hulipwa posho. Wao walifukuzwa. Mhifadhi anayechagua kati ya vitenzi hivi viwili anafanya utafiti, hata kama hajanyanyuka kitini.

Hatua chache kutoka Boma, upande wa Kaloleni, uko ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwishoni mwa Januari 1967 na kulipitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka 1977, miaka kumi baadaye, ukumbi ukawa makumbusho. Nyumba hii ndogo ina hoja ambayo haijapewa uzito unaostahili na wanaojadili lugha ya makumbusho. Mwalimu Nyerere, katika mkusanyo wake Freedom and Socialism wa mwaka 1968, anaitanguliza tafsiri ya Kiingereza ya Azimio kwa maelezo kwamba Azimio lilitolewa kwa Kiswahili, na kwamba tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na utata uliobidi urekebishwe. Maana yake ni kwamba hapa, walau mara moja, Kiswahili kilitangulia na Kiingereza kikafuata kikichechemea. Kuandika vibao vya nyumba hiyo kwa Kiingereza kwanza, kisha kuvitafsiri, ni kulirudisha Azimio nyuma ya tafsiri yake. Kama kuna makumbusho mamoja katika Afrika Mashariki ambayo watumishi wake wote wangepaswa kufunzwa, kupimwa na kupandishwa daraja kwa Kiswahili, ni haya.

Na kuna ushairi. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba washairi walieneze Azimio, na Mathias Mnyampala, kabla ya kufariki mwaka 1969, alikuwa amekwisha kuiandaa njia kwa ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo watoto wa shule waliyaghani nchi nzima. Ngonjera za UKUTA zilitoka vitabu viwili, mwaka 1970 na 1971. Wahakiki wengi wamezidharau ngonjera hizo kwa kuwa zilitumikia siasa, na kwa sehemu kubwa wana haki: mshindi hujulikana tangu ubeti wa pili. Lakini umbo lenyewe, la mmoja kuuliza na mwingine kujibu, ndilo umbo la kazi ya mwongoza wageni. Freeman Tilden, aliyewaandikia watumishi wa hifadhi za Marekani mwaka 1957, alifundisha kwamba kumfafanulia mgeni ni kumchochea, si kumjaza. Mnyampala asingeshangaa kulisikia hilo. Angeshangaa zaidi kuona mwongozaji akikariri maelezo dakika arobaini mbele ya wanafunzi waliokatazwa kuuliza.

Maana swali watakalouliza linajulikana. Mtoto atasoma masharti ya uongozi, kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Atanyamaza kidogo, kisha atauliza: mbona sasa wanazo? Jibu la kihistoria lina tarehe na mahali, na mahali penyewe ni huku kwetu. Mwezi wa Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti hayo, na uamuzi ule watu wakauita Azimio la Zanzibar. Mwongozaji anaweza kulitaja hilo kwa sentensi mbili, bila kulaumu na bila kusifu. Anaweza pia kucheka na kusema twendeni chumba kinachofuata. Kinachoamua ni iwapo aliyemfunza kazi alimwambia kwamba kujibu ni wajibu wake, na iwapo mkubwa wake atasimama naye siku ya pili barua ikija kutoka juu. Semina nyingi za utumishi hufundisha huduma kwa mteja, tabasamu na usafi wa sare. Hayo ni mema. Lakini mteja wa Kaloleni hakuja kununua sabuni.

Itasemwa kwamba madai haya ni ya wapenda mashairi wasiojua hali ilivyo. Mtumishi mmoja huenda ndiye mkata tiketi, mwongozaji, msajili na mwenye funguo za ghala. Lini atakaa kupima vitenzi? Pingamizi hilo ni la haki. Ila kibao huandikwa mara moja na husomwa miaka ishirini, na saa mbili za kukihariri ni mafunzo ya bei ndogo kuliko tiketi ya ndege ya kwenda warshani. Kinachohitajika ni meza, watu watatu na desturi. Wa kwanza awe mhifadhi anayejua kitu. Wa pili awe mtu wa jamii kilikotoka kitu hicho. Wa tatu awe mtu anayejua Kiswahili kwa sikio, na Arusha haina upungufu wa watu hao: wako walimu wa shule, wako wazee wa gazeti la zamani, wako malenga wanaotuma tungo zao redioni. Maneno yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, yarekebishwe, kisha ndipo Kiingereza kitafsiriwe kutoka humo, na mfadhili asubiri. Kibao cha kwanza cha kuanzia nacho kiko tayari pale Boma, mlangoni: kiondolewe kilijengwa, kiwekwe kitenzi kingine, na wanaoletwa na mabasi ya shule waulizwe wamesoma nini.